Mke Mkubwa, Fungua Duka

4 Februari

Bibi yangu mpendwa,

Leo ni Jumapili, nimefunga mlango wa chumba, na nimeapa kukueleza kila kitu bila kuficha hata punje. Kwa hiyo kaa vizuri uvae miwani yako, ile iliyo kichwani ambayo sasa hivi unaitafuta.

Shikamoo. Hapa nyumbani tu wazima wote, isipokuwa usingizi, ambao ulituhama siku walipozaliwa mapacha. Baba amewapa majina ya utani. Mmoja ni King'ora na mwingine ni Mwangwi, maana wa kwanza akilia wa pili humjibu. Juzi Mama alimfunga King'ora nepi mbili, Mwangwi akabaki hana hata moja, na hakuna aliyegundua mpaka Baba alipompakata.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Jana Baba na Mama walikuwa wanazungumza jikoni. Mimi nilikuwa naosha vyombo, kwa hiyo sikudukua, masikio yalikuwepo tu. Baba alisema: "Mama yangu anakwisha pale. Tangu tumzike mzee duka halijafunguliwa. Nikimpigia simu ananiambia 'niko salama', halafu anakata. Nampa mpaka mwisho wa Juni. Likiwa bado limefungwa, nakwenda na gari, nampakia yeye na cherehani yake, na funguo nazirudisha kwa mwenye nyumba." Mama akamuuliza utalala wapi. Baba akanyoosha kidole kwenye chumba changu.

Bibi, nakupenda, lakini unakoroma. Babu mwenyewe alikuwa anasema amelala maisha yake yote kando ya mashine ya kusaga. Ila si kukoroma peke yake kunakonisumbua. Nikikufikiria hapa kwetu, umekaa kitandani tangu asubuhi, cherehani imefunikwa shuka kwa kuwa hakuna pa kuiweka, unangoja kuitwa chakula, naona kama huyo si wewe. Ni mgeni aliyeazima gauni lako.

Babu alipokuwa hai alituita wake zake, wewe mke mkubwa na mimi mke mdogo, nasi tulimgombania kila likizo. Mume wetu sasa hayupo, na nadhani mke mdogo ana haki ya kusema neno. Mwalimu wetu wa hesabu anasema kazi ikikutisha kama mlima, usiutazame mlima, tazama pa kuweka mguu. Kwa hiyo sikuombi ushone. Nakuomba ufungue mlango wa duka kila asubuhi, basi. Ufungue, ukae, ufunge. Je, utaweza?

Wako,
Mke Mdogo


21 Februari

Mke mwenzangu, mchokozi wewe,

Marahaba. Barua yako nimeipata, nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza bila miwani. Miwani ilikuwa kichwani. Nani alikwambia?

Kwanza nisafishe jina langu. Mimi sikoromi. Aliyekuwa anakoroma ni mume wetu, akijigutusha kwa kelele zake mwenyewe ananisingizia mimi. Marehemu hasemwi vibaya, lakini ukweli nao una haki zake.

Haya, amri yako nimeitii. Jumatatu nilifungua mlango. Nilikaa. Nilifunga. Jumanne nilifungua, nilikaa, nilifunga. Kama hii ndiyo dawa, basi bawabu wa benki ndiye mzima kuliko sisi sote.

Yule fundi viatu wa mlango wa pili, alipouona mlango wangu wazi, alitupa kiatu cha watu chini akaja mbio na nyundo mkononi.

"Shemeji! Suruali yangu iko tayari?"

"Nimefungua mlango," nikamwambia, "sikufungua kazi."

"Sawa. Nitakuja kuuliza kesho."

Na kesho yake akaja. Na keshokutwa. Hana haya hata kidogo. Anaingia, anauliza, anajibiwa, anakaa kwenye kiti cha wateja ananieleza habari za soli za watu.

Kushona siwezi. Mkanda wa cherehani umekatika na sindano zimeshika kutu, na mimi sina nguvu za kwenda kuzunguka madukani. Mwambie babako kwamba Juni ni mbali, na kwamba mimi si kabati la kupakiwa kwenye gari.

Mke Mkubwa, asiyekoroma


10 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. King'ora ameota jino na Mwangwi analililia kana kwamba ameota yeye. Mama amerudi kazini nusu siku. Baba ameungua kidole kwa chai, na anasema fundi umeme hawezi kufa kwa umeme, atauawa na nyumba yake mwenyewe.

Nimefurahi sana kwamba mlango unafunguliwa. Nilirukaruka mpaka Mama akaniuliza kama nimekanyaga kitu.

Ndani ya bahasha hii kuna mkanda mpya wa cherehani. Nilikwenda kwa fundi aliye karibu na shule nikamweleza aina ya cherehani yako, akanichagulia. Sindano nimezichomeka kwenye kipande cha blanketi zisikuchome. Mama wa posta aliibinya bahasha huku na huku, akaniuliza, "Humu mna nyoka?" Nikamwambia mna afya ya bibi yangu.

Sasa tunakwenda hatua ya pili. Ukishafungua mlango, usikae kwanza. Ifute cherehani vumbi, itie mafuta, kisha ikanyage kidogo bila kitambaa, izunguke tu. Sikuombi zaidi ya hapo. Ukichoka, acha. Siku ukisahau, usijilaumu, endelea siku inayofuata kama vile hukusahau. Hilo la mwisho si la mwalimu, nimelifikiri mwenyewe.

Je, mkanda umeingia?

Mke Mdogo


27 Machi

Mke mwenza,

Marahaba. Mkanda umeingia kama ulizaliwa humo. Cherehani nimeifuta, nimeitia mafuta, nimeikanyaga. Fundi viatu aliposikia mlio akaja mbio tena. "Imeanza?" Nikamwambia, "Inafanya mazoezi." Akasema hajawahi kuona cherehani inayokwenda bila kula kitambaa, labda imefunga.

Lakini kushona bado. Paka amezalia kwenye kikapu cha uzi, na mtu mwenye huruma hamfukuzi mzazi. Tena siku hizi duka lina kiza, sijui jua limehamia upande gani.

Sasa na mimi nikuulize. Zamani barua zako zilikuwa shule tupu. Mwalimu huyu kasema hivi, mtihani ule nimepata vile, rafiki yangu kanipita kwa alama moja nitampita tena. Barua hizi mbili nimezisoma nikazigeuza hata nyuma ya karatasi, shule haimo isipokuwa mwalimu wa hesabu na mlima wake. Uliapa hutaficha hata punje. Mwenzangu, hapa naona umeficha gunia.

Unaniamsha mimi. Wewe unaamka saa ngapi?

Mke Mkubwa, anayeona mbali akivaa miwani


12 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo. Wote wazima. Mapacha wazima mno.

Niliposoma barua yako nilikasirika, nikaiweka chini ya godoro, kisha nikaitoa. Ni kweli niliapa kukueleza kila kitu, na nilikueleza kila kitu cha watu wengine.

Tangu Babu afariki na mapacha waje, sijui siku zangu zinakwenda wapi. Zamani nilikuwa naamka mapema nasoma kabla ya kwenda shule. Sasa asubuhi nashika mtoto mmoja, natafuta soksi, soksi nimeishika, mtoto anatapika begani, nabadilisha shati, na kengele ya shule imeshalia. Nikirudi jioni kazi zilizonisubiri ni nyingi hata sijui nianze na ipi, basi naanza na kulala. Mwalimu wa hesabu ameacha kuniita kwa jina langu. Ananiita Mgeni Rasmi, kwa sababu naingia watu wote wameshakaa. Darasa zima husimama na kupiga makofi. Mwanzoni nilicheka.

Kwa hiyo, Bibi, mimi ni daktari mwenye ugonjwa huohuo. Nimefikiri tufanye hivi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi wewe unafungua mlango wa duka, na mimi saa hiyohiyo nafungua kitabu. Nitasoma ukurasa mmoja tu, hata kama nimempakata King'ora. Nikijua uko mlangoni nitaona aibu kulala. Ukijua niko kitabuni utaona aibu kufunga.

Lakini na wewe acha kunizungusha. Mkanda upo. Sindano zipo. Watoto wa paka wakishatembea watahama wenyewe. Kiza kina taa. Ni nini kinachobaki, Bibi? Kwa nini hushoni?

Mke Mdogo


8 Mei

Bibi,

Shikamoo. Mwezi mzima umekatika na hujanijibu. Nimeuliza posta mpaka yule mama akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Kama nimekukosea kwa swali langu, nisamehe, mimi ni mtoto. Kama hujakosewa na ni uvivu tu, basi mimi ni mke mwenzio na ninanuna.

Baba alikupigia simu, ukamwambia uko salama, ukakata. Jana ameanza kupima chumba changu kwa futi ili aone kama kitanda cha pili kitaingia. Kitaingia, lakini mlango hautafunguka wote. Tutakuwa tunaingia kiubavu, na wewe Bibi, usikasirike, kiubavu huingii.

Ukurasa wangu mmoja nimekuwa nikiusoma. Sijui kama uko mlangoni, lakini nasoma kama vile uko.

Nijibu hata mstari mmoja.

Mke Mdogo


16 Mei

Mke mwenzangu,

Marahaba, na pole kwa kungoja. Barua yako haikupotea. Ilikuwa mezani inanitazama, nami naitazama. Hujanikosea. Swali lako lilikuwa dogo, ila lilikuwa na meno.

Unajua kazi yetu ilivyokuwa. Mume wetu anapima na kukata, mimi nashona. Tangu tuoane sijawahi kutia mkasi kwenye kitambaa cha mteja, naye hakuwahi kukaa kwenye cherehani, ukiacha siku moja alipotaka kunionyesha kwamba ni kazi rahisi akajishona kidole. Wiki aliyougua alikuwa amekata kazi za watu, akaziweka rafuni mafungu mafungu, kila moja na utepe wake. Kuna suruali ya fundi viatu, kuna gauni la muuza mayai, kuna koti la mwalimu mkuu, na nyingine. Kwenye kila kipande iko chaki yake, mistari yake na vile vialama vyake kama nyayo za kuku.

Chaki hutoka, mjukuu wangu. Ukishona, ukipiga pasi, imekwisha. Mafungu yale ndiyo kazi ya mwisho ambayo mimi na yeye bado tunaifanya pamoja. Sehemu yake ameshaimaliza. Nikiimaliza na yangu, basi tena.

Kwa hiyo nafungua mlango kama ulivyoniagiza, na sikuacha hata mwezi huu niliokunyamazia. Nafuta vumbi. Natia mafuta. Nachukua fungu la fundi viatu, nalifungua, naliangalia, nalifunga, nalirudisha. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kutwa, na jioni nimechoka kama aliyelima. Naye fundi viatu anaona yote hayo kutoka kwenye kiti chake, wala haulizi tena. Sasa anasema tu, "Shemeji, za leo?" Alipoacha kuuliza nilimwonea huruma zaidi.

Na hata nikizishona zote, halafu? Nani atakata?

Usimwambie babako. Ataniletea daktari, na daktari ataniambia nipumzike, na kupumzika ndiko kulikonifikisha hapa.

Mke Mkubwa


28 Mei

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisomea chooni, maana ndicho chumba pekee chenye komeo. Mama aligonga, Mwangwi akagonga kwa mguu, nikasema naumwa tumbo. Haukuwa uongo mkubwa.

Nimeanza barua hii mara nyingi, nikawa naandika maneno kama ya kwenye kadi za pole, nikayachana. Mimi pia namkosa Babu. Nikifika mwisho wa ukurasa wa asubuhi natamani kumwambia mtu kwamba nimefika mwisho wa ukurasa, na yeye ndiye aliyekuwa anapenda kuambiwa vitu vidogo.

Jana kwenye jiografia tulinakili ramani. Unaweka karatasi nyepesi juu ya ramani, unafuata mistari kwa kalamu, unaiondoa, na mito na milima yote imebaki kwenye karatasi yako. Nikanyoosha mkono bila kuulizwa swali. Mwalimu akasema, "Ndiyo, Mgeni Rasmi?" Nikasema samahani, nimekumbuka jambo la nyumbani.

Jambo lenyewe ni hili. Chukua magazeti ya zamani. Kabla hujashona fungu, tandaza kila kipande juu ya gazeti, kizungushie kalamu, na unakili alama zote, hata nyayo za kuku. Kalamu haitoki kwa pasi. Kitambaa kitakwenda kwa mwenyewe, kwa kuwa mwenyewe amengoja vya kutosha, lakini gazeti litabaki kwako. Akija mteja mpya unaweka gazeti juu ya kitambaa chake na unakata hapohapo alipokata Babu. Najua alikuwa anawacheka mafundi wa karatasi, yeye akikata kwa jicho na chaki. Acha acheke. Tutakuwa tumemzidi ujanja.

Niahidi jambo moja, Bibi. Usibadilishe chochote, hata upana wa uzi. Babu hakukosea.

Juni inaanza. Baba ameshaazima gari kwa rafiki yake. Anza na suruali ya fundi viatu, siku moja mguu mmoja. Utaanza?

Mke Mdogo


30 Juni

Mke mwenzangu, daktari wangu, mshauri wangu mbaya,

Marahaba, na shika mbavu zako kabla hujaendelea.

Nilianza. Nilinakili suruali ya fundi viatu kwenye gazeti, kila mstari, kila mguu wa kuku. Kisha nikakaa kwenye cherehani. Nililia kidogo kwenye mguu wa kulia, halafu uzi ukakatika, nikakasirika, na hasira ndiyo iliyonimalizia suruali. Fundi viatu hakusema asante. Aliivaa, akatembea barabarani, akarudi, akatembea tena, mpaka wauza mboga wakamuuliza amepoteza nini. Wiki iliyofuata nikashona gauni la muuza mayai. Siku nyingine nilishona mkono mmoja tu nikafunga duka, siku nyingine sikushona kitu. Kesho yake nikaendelea kama vile sikuacha, ulivyonifundisha.

Basi akaja mkubwa wa walinzi wa soko na vijana wake watatu. Ameona mlango wazi, ameingia. Anataka suruali tatu za walinzi wake kabla mwezi haujaisha. Nikataka kusema sikati. Nikatazama gazeti la fundi viatu, nikawatazama walinzi, nikaona viuno vinalingana. Mwenzangu, nilikata! Mkasi wa mume wetu unaijua njia.

Wakati wa kukata niliona mguu wa kushoto umepungua vidole viwili. Nikasimama. Kisha nikasema moyoni, mume wetu hakosei, na mke mwenzangu ameniapisha nisibadilishe hata upana wa uzi. Kama yeye alikata hivi, basi hivi ndivyo suruali inavyotakiwa kuwa. Nikakata zote tatu.

Jana Jumamosi wakaja kuzichukua. Wakazivaa, wakatoka nje wajitazame. Walinzi watatu wamesimama mstari mmoja, na wote watatu kifundo cha mguu wa kushoto kiko nje kinapunga upepo. Wakitembea, unasema wanapanda ngazi kwenye tambarare.

Fundi viatu akatoka kwake. Akawatazama. Akaitazama suruali yake. Akaketi chini palepale.

"Shemeji," akasema, "umewagawia mguu wangu!"

Kumbe mguu wake wa kushoto ni mfupi tangu utoto. Kiatu chake hukitia soli nene, na mume wetu alikuwa anamkatia suruali kwa siri yao wawili, pindo anampigia pini mwenyewe, mimi nakanyaga tu bila kujua. Miaka yote hiyo hakuniambia! Mtu aliyenisimulia mpaka ndoto zake.

"Nimeuficha mguu huu nikazeeka nao," fundi viatu akasema, "leo umeutangaza soko zima, tena kwa sare." Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, walinzi wakacheka, wauza mboga wakaacha mizani. Na mimi nikacheka. Nilicheka, mwenzangu, mpaka nikashika mlango. Nilikuwa nimesahau kwamba kucheka kunaumiza tumbo.

Nikawaambia wavue haraka, niteremshe pindo la kushoto, nipunguze la kulia, vikutane katikati. Zile kuukuu walizokuja nazo walikuwa wameshazitupa jalalani, basi kila mmoja nikamfunga kitambaa cha pazia kiunoni, wakakaa kwenye benchi wanangoja. Hapo ndipo gari likasimama mlangoni. Babako huyo.

"Shikamoo, Mama. Hawa ni kina nani?"

"Wateja."

"Mbona hawana suruali?"

"Ndiyo maana ni wateja."

Akatazama benchi, akatazama cherehani inavyozunguka, akatazama vitambaa sakafuni. "Mama, nimekuja kukuchukua. Tulikubaliana mwisho wa Juni."

"Mlikubaliana wewe na nani? Usisimame hapo kama nguzo ya umeme. Shika pasi. Kazi ya watu inatakiwa leo."

Akaishika. Ameunguza pindo moja na vidole vyake viwili, lakini mpaka jioni walinzi wamekwenda kazini kwa miguu inayolingana. Alilala juu ya meza ya kukatia, na asubuhi nilipokwenda kufungua mlango nilimkuta ameshaufungua, amesimama anawajibu watu kwamba fundi anakuja. Mchana ameondoka na gari tupu. Hakusema chochote kuhusu funguo, nami sikumkumbusha.

Mafungu yamebaki mawili. Nitayashona. Likija la mwisho nitalia, nimeshajua, na nimeshajiwekea leso.

Nasema tu kwamba kwa kukata mimi si fundi, ni balaa. Macho hayaoni mstari vizuri, hata nikivaa miwani. Duka hili linataka mkataji.

Mke Mkubwa


12 Julai

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako tuliisoma mezani kwa sauti, isipokuwa pale unaposema mimi ni mshauri mbaya, hapo nilikohoa. Mama alicheka mpaka mapacha wakaogopa, wakanyamaza wote wawili kwa pamoja, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Baba aliporudi siku ile hakuingia ndani mara moja. Alikaa kwenye gari amezima injini. Mama alipomfuata kumuuliza wewe uko wapi, alisema, "Yuko kazini. Siwezi kumtoa mtu kazini." Kisha akaonyesha vidole vyake vilivyoungua, kama mtoto. Siku iliyofuata alirudisha gari la rafiki yake na akakiondoa ukumbini kile kitanda cha pili alichokuwa amekuandalia.

Siku hizi nafika shule kabla ya kengele, si kila siku. Jumatano na Alhamisi iliyopita sikusoma hata mstari kwa sababu King'ora alikuwa na homa. Ijumaa nilianza tena pale nilipoishia. Mwalimu wa hesabu bado ananiita Mgeni Rasmi, lakini juzi niliwahi kuliko yeye, nikasimama nikampigia makofi. Alijaribu kukasirika, akashindwa.

Nimesoma sana mstari wako unaosema duka linataka mkataji. Sijui kama uliuandika kwa bahati mbaya au uliuandika kwa ajili yangu, na kwa kuwa nakufahamu, nadhani ni la pili. Likizo inaanza Agosti. Nilimwomba Baba nije nikae nawe nijifunze. Nilitegemea aseme atafikiri. Alisema, "Nenda, lakini usimruhusu akupe pasi." Mama anasema shule ndiyo kwanza, nami nimekubali, vitabu nitakuja navyo, na saa kumi na mbili na nusu tutakuwa mlango mmoja badala ya miwili.

Kuna jambo moja tu linalonikosesha raha. Nimekuwa nikijaribu kukata magazeti hapa nyumbani. Kama unavyojua, mimi hutumia mkono wa kushoto. Kwa mkasi wa Baba wa jikoni nakwenda vizuri, kwa sababu ule haujali. Lakini yule fundi wa karibu na shule aliniruhusu nishike mkasi wake mkubwa wa kazi, na kwa mkono wangu uligoma. Karatasi ilijikunja katikati, haikukatika. Akaniambia mikasi ya namna ile hutengenezwa kwa watu wa mkono wa kulia. Nikajaribu kwa mkono wa kulia, mistari ikawa kama mimi ndiye niliyekunywa dawa ya King'ora.

Tafadhali nijibu kwa posta ya kwanza, na usinizungushe kwa habari za paka: mkasi wa Babu utamkubali mtu wa mkono wa kushoto, au nianze kuutafutia mke mwenza anayekata kwa kushoto?

Mke Mdogo